Unga Haurudi Kuwa Punje

Mpelelezi alibonyeza kitufe cha k, akatazama kioo, akaiona k, akahamia l. Alikuwa ameanzia a na hakuwa na haraka. Kila herufi ilipotokea kwenye ukurasa mtupu aliitikia kidogo kwa kichwa, kama karani anayepokea mizigo mlangoni. Kando yake msichana mwenye sare ya shule, mikono ameibana katikati ya magoti, alikifuata kidole kile kwa macho.

"Shangazi, kibodi ni nzima. Nimeshaipima."

"Najua umeipima, mwanangu. Sasa naipima mimi."

M, n, o. Kitufe cha s kilinata kidogo, lakini kilitoa s moja tu, si mbili. Alikibonyeza tena na tena mpaka akaridhika. Alimaliza z, akapima tarakimu, akapima alama za pembeni, kisha akaondoa mkono.

"Kibodi ni nzima," alisema.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ndivyo. Sasa tumesema wawili."

Shule nzima ilimwita msichana yule Profesa. Kwa Mpelelezi alikuwa binti wa kaka yake, na jambo hilo alilitamka mbele ya Mwalimu Mkuu kabla hata hajavuta kiti: "Aliyepata hasara ni damu yangu. Ukiniona napendelea, nionye hapo hapo." Mwalimu Mkuu alimjibu kwamba hakumwita kwa ajili ya undugu, alimwita kwa sababu ndiye mpelelezi pekee aliyemjua ambaye haiogopi kompyuta. Hilo lilikuwa kweli. Hakufundishwa na mtu. Alijifunzia kituoni, kwenye mashine mbovu iliyotupwa stoo, akiifungua na kuifunga mpaka wakazoeana.

Maabara ilikuwa imebaki tupu baada ya vipindi. Stuli zilipandishwa juu ya meza, miguu juu. Kwenye ubao mtu alikuwa amechora kasha kubwa lenye tundu la ufunguo, na chini yake akaandika kwa chaki: WAAMUZI KESHO.

Kasha ndilo lilikuwa jina la programu yenyewe. Profesa aliijenga mwaka mzima kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Kazi yake ilikuwa moja: kufungia mafaili ndani na kutomfungulia mtu yeyote asiye na neno la siri. Siku chache kabla ya mashindano alilibadilisha neno la siri, kama mwalimu wake alivyomshauri. Siku iliyofuata alikuja kufungua. Kasha likamkataa. Ndani yake kulikuwa na kila kitu: majaribio, majedwali, na ripoti ambayo waamuzi wangeisoma.

Na nje ya mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkuu kulikuwa na sanduku la chuma la rangi ya buluu, limefungwa kamba. Lilikuwa la msichana mwingine, rafiki wa Profesa, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa hakunyamaza. Chiriku alionekana ameketi kwenye kompyuta hii jioni ya siku ileile neno lilipobadilishwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameamua kwamba ndiye aliyelibadilisha neno la siri kwa wivu. Mama yake aliitwa aje kesho asubuhi, amchukue binti yake na sanduku lake, kwaheri ya shule.

Mpelelezi alilitazama dirisha la Kasha kwenye kioo. Chini ya picha ya kufuli kulikuwa na maneno machache: *Subiri. Jaribu tena kesho asubuhi.*

"Hii subira nayo?"

"Niliiweka mimi," Profesa alisema. "Kila ukikosea, muda wa kusubiri unakua maradufu. Ili mwizi achoke. Nimekosea mimi, akakosea mwalimu wa fizikia, akakosea Mwalimu Mkuu. Imefika hapo."

"Kesho tukikosea?"

"Litatufungia siku nzima. Waamuzi watakuja na watakwenda."

"Kwa hiyo tuna nafasi moja."

"Moja, Shangazi."

"Na ukilifungua kwa nyuma? Wewe si ndiye fundi wake?"

"Waamuzi walishalipiga muhuri. Nikiingiza mkono kwa nyuma, hata kuchungulia tu, inajiandika, na tunatolewa." Aliinamisha kichwa. "Halafu hata nikichungulia, neno silikuti. Halimo."

"Halimo vipi? Kitasa kisichoujua ufunguo wake?"

Uso wa Profesa ulichangamka kwa mara ya kwanza mchana ule. Alivuta kibodi.

"Kasha halitunzi neno la siri. Lingelitunza, mwizi angelikuta. Kasha linalisaga. Lina kinu. Linasaga neno, linatupa neno, linabaki na unga. Kesho ukileta neno lako, linalisaga upya na kulinganisha unga na unga. Ukilingana, mlango unafunguka."

"Na mtu akiuiba unga?"

"Atakuwa na unga. Unga haurudi kuwa punje."

"Nionyeshe."

Upande wa mbele wa programu palikuwa na dirisha dogo alilowatengenezea waamuzi, la kuonyesha kinu kinavyofanya kazi. Halikuhusiana na mlango, wala halikuhesabu makosa. Profesa aliandika *paka*. Papo hapo chini yake ukatokea mstari mrefu wa herufi na tarakimu, umechanganyika kama nyumba iliyopitiwa na wezi. Akafuta, akaandika *paka* tena. Mstari ulikuwa uleule, herufi kwa herufi. Mpelelezi aliuhakiki kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha Profesa akabadilisha herufi moja tu. *Taka*.

Mpelelezi alitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena na kuusoma mstari wa pili dhidi ya wa kwanza. Hawakuwa ndugu. Hawakuwa hata majirani. Palipokuwa na tisa pamekuwa na c, palipokuwa na c pamekuwa na sifuri, na hivyo hivyo mpaka mwisho, kana kwamba herufi ile moja ilikuwa jiwe lililotupwa kisimani na maji yote yakahama.

"Kwa herufi moja tu," alisema kwa sauti ya chini.

"Hata kwa nukta moja. Hata kwa nafasi tupu."

"Ulibuni wewe?"

"Hapana, Shangazi. Kusaga walibuni wakubwa, zamani. Mimi nimejenga kasha na subira."

 Miaka yote ya kazi yake Mpelelezi alikuwa amesimama mbele ya makufuli: ya maghala, ya magari, ya makabati ya watu waliokufa bila kusema ufunguo uko wapi. Kila kufuli lilikuwa na fundi wake, na kila fundi, ukimletea kibali, alijua pa kugonga. Sasa alikuwa ameketi na fundi mwenyewe, msichana mwenye wino kwenye kidole, naye alikuwa nje ya mlango kama watu wengine wote.

"Kwa hiyo uliyelijenga huwezi kulivunja."

"Siwezi," Profesa alisema, na haikujulikana kama anajivuna au yu karibu kulia.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Mkuu aliingia na jalada kwapani na kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyefundisha Kiswahili kabla ya kupewa ofisi, na bado alifundisha Kiswahili popote alipokuwa.

"Tumefika wapi, Mama?"

"Kibodi ni nzima, Mwalimu Mkuu."

"Kibodi haikushukiwa na mtu."

"Ndiyo maana nimeanza nayo. Neno la siri lenyewe tunalijua?"

"Ni methali," Mwalimu Mkuu alisema, na hapo sauti yake ililegea kidogo. "Programu yake inakataa maneno mafupi. Inataka sentensi. Binti akachagua *Ng'ombe haelemewi na nunduye*. Uchaguzi mzuri. Nilimuuliza: uliandika *nunduye* au *nundu yake*? Maana vijana siku hizi wanazinyoosha methali kama kamba."

"Nilijaribu zote mbili, Mwalimu," Profesa alisema. "Ndipo subira ikakua."

"Naomba maelezo yake ya kwanza," Mpelelezi alisema.

Mwalimu Mkuu alifungua jalada na kusoma mwenyewe, kwa matamshi ya mtu aliyezoea kusomea ukumbi. "'Mwanafunzi anaeleza kwamba baada ya kulichagua neno la siri jipya, aliliandika mara mbili kama programu inavyodai, na mara zote mbili likalingana, ndipo programu ikalikubali.' Unaona, Mama? Mara mbili. Mtu anaweza kukosea mara moja. Hawezi kukosea mara mbili kwa namna ileile, tena gizani, maana kioo kinaonyesha nukta tu. Kwa hiyo lililoingia lilikuwa sahihi. Na kama lililoingia lilikuwa sahihi na sasa linakataliwa, kuna mtu alilibadilisha. Na aliyekaa hapa baada yake ni mmoja."

"Hoja imesimama," Mpelelezi alisema.

"Nashukuru."

"Ina mguu mmoja mfupi. Profesa, ili kulibadilisha neno la siri, mtu anafanyaje?"

"Lazima kwanza afungue kwa lile lililopo."

"Ulimwambia nani lile lililopo?"

"Sikumwambia mtu. Hata Chiriku."

"Labda alichungulia," Mwalimu Mkuu alisema.

"Labda. Kwa hiyo tuna njia mbili. Ama Chiriku aliyaona maneno yaliyofichwa kwa nukta, ama hakuna aliyebadilisha kitu." Mpelelezi aliinuka taratibu. "Sijachagua. Naomba nizungumze naye."

Chiriku alikuwa ameketi juu ya sanduku lake ukumbini, miguu haigusi sakafu, akimweleza mfagiaji aliyekuwa anapita kwamba fagio lake linakaribia kustaafu. Alipomwona Mpelelezi aliruka chini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Keti, sanduku ni lako."

"Ni langu mpaka kesho. Kesho litakuwa la mizigo." Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Shangazi ndiye mpelelezi? Nilidhani wapelelezi wana koti refu."

"Nililifua, halijakauka. Jioni ile uliketi kwenye kompyuta ya maabara?"

"Niliketi."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilikuta Kasha limeshafungwa, nikainuka nikaenda zangu."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

Chiriku, ambaye shule nzima ilimwomba anyamaze tangu kidato cha kwanza, alinyamaza.

Mpelelezi hakumsukuma. Alijisogezea ndoo ya mfagiaji, akaigeuza, akaketi. Ukumbi ulikuwa mrefu na upande wa mwisho wasichana walikuwa wanacheza kamba. Kamba ilisikika ikipiga sakafu.

"Ulilibadilisha neno la siri?"

"Ng'o!" Neno lilimtoka kama kizibo. "Ng'o, Shangazi! Hata wanining'inize kwa masikio. Yule ni rafiki yangu. Mimi hesabu sizijui, lakini urafiki naujua."

"Basi ulikuwa unatafuta nini?"

"Nikisema ataninunia mpaka tuzeeke."

"Na usiposema, atakununia ukiwa kwenu."

Chiriku alivuta uzi wa kamba ya sanduku. "Ripoti," alisema hatimaye. "Aliniapisha nisiiguse. Alisema maneno yake ni yake. Lakini Shangazi, ungeiona! Profesa anaandika kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Koma hakuna. Methali ya juu ameiandika kwa herufi ndogo, ng'ombe wa watu amekuwa mdudu. Na Mwalimu Mkuu alishairudisha mara moja, nyekundu tupu, amezungushia alama zote za kunukuu: 'Ya kufungulia na ya kufungia zisifanane!' Sasa mchana, wenzangu wakiwa wanakula, Kasha ameliacha wazi, nikaingia nikaisafisha. Jioni nikarudi kumalizia. Nikakuta keshafunga."

"Mchana. Kabla hajabadilisha neno la siri."

"Kabla, ndiyo."

"Ulizisafishaje zile alama? Moja moja?"

"Moja moja ningemaliza lini? Kuna mahali kwenye programu ya kuandikia unaweka tiki tu. Ukishaiweka, alama zote utakazoandika zinajipinda zenyewe, nzuri kama za kitabuni." Akamtazama Mpelelezi kwa wasiwasi. "Hilo ni kosa la kufukuzwa?"

"Sijui bado," Mpelelezi alisema, na hakuwa anatania. "Kaa hapa. Usifungue kamba, usikaze kamba."

Maabarani aliwakuta Mwalimu Mkuu anasoma ubao na Profesa anatafuna kucha.

"Profesa, ile siku ulipobadilisha neno la siri. Usinieleze. Nionyeshe kwa mikono. Jifanye hili dirisha la kinu ndilo mlango."

Profesa alifungua ukurasa mpya kwenye programu ya kuandikia. Aliandika methali haraka haraka, bila kuangalia kibodi. "Hii tuseme ni ripoti. Ilikuwa wazi hapa. Methali ilikuwa juu kabisa." Vidole vyake viliupaka rangi mstari mzima, vikagusa vitufe viwili, vikahamia dirisha la kinu, vikagusa viwili vingine. Methali ikawa imekaa pale. "Hivyo. Halafu mara ya pili hivyo tena."

"Hapo mwisho umefanya nini?"

"Nimebandika."

"Hukuandika?"

"Sentensi ndefu vile, Shangazi, na unaandika gizani? Nilinakili nikabandika. Mara zote mbili. Nilimwambia Mwalimu Mkuu."

Mpelelezi alinyoosha mkono, akapewa jalada. Alilisoma mstari ule, akaurudia. *Aliliandika mara mbili.* Juu ya neno palikuwa na doa dogo jekundu.

"Mwalimu Mkuu, hapa palikuwa na neno jingine?"

Mwalimu Mkuu aliinama. 

"Alisema 'nililibandika'," alisema polepole. "Nilidhani amekosea. Kinachobandikwa ni bango, ni stempu, ni sufuria jikoni. Neno haliwi stempu. Neno huandikwa." Aligusa kalamu mfukoni bila kuitoa. "Nikamsahihisha."

"Kwa Kiswahili chako ulikuwa sahihi," Mpelelezi alisema. "Kwa cha mashine, umeondoa herufi b na barabara nzima iliyokuwa nyuma yake. Profesa, usifute hiyo iliyobandikwa. Tuone unga wake."

Profesa alibonyeza. Mstari ukatokea.

"Sasa chini yake andika methali ileile kwa vidole. Polepole. Herufi kubwa mwanzoni kama ile ya juu. Mwalimu Mkuu, tafadhali hakiki."

Profesa aliandika. Mwalimu Mkuu alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Aliisoma ya juu kwa sauti, akaisoma ya chini kwa sauti, na matamshi hayakutofautiana.

"Ni ileile," alisema. "Sentensi moja. Naweza kuapa."

"Usiape bado. Saga."

Mistari miwili ya unga ilikaa mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyehitaji kidole. Ilikuwa kama alfajiri na usiku wa manane.

 Profesa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwalimu Mkuu alitazama methali, akatazama unga, akatazama methali, na uso wake ukawa wa mtu aliyefunuliwa kwamba nyumba aliyokaa miaka thelathini ina chumba asichowahi kukiingia.

"Macho yangu hayaoni tofauti," alinong'ona.

"Wala yangu," Mpelelezi alisema. "Kinu kimeiona. Profesa, zikuze herufi. Zikuze sana."

Herufi zilikua. Methali haikutosha tena kwenye kioo. Ikabaki nusu, ikabaki neno, ikabaki n na g na o zenye ukubwa wa viganja. Katikati, pale sauti ya ng'ombe inapokwama puani, kulikuwa na kile kimkato kidogo kinachoitwa ritifaa. Kwenye sentensi iliyoandikwa kwa vidole kilisimama wima kama msumari. Kwenye iliyobandikwa kilikuwa na kichwa na mkia uliojikunja, kama kiluwiluwi.

"Ritifaa," alisema Mwalimu Mkuu.

"Ritifaa mbili. Kwetu sisi ni moja, tunaipita bila kusalimia. Kwa mashine ni kama t na p."

"Lakini mimi nilipoandika ripoti ritifaa yangu ilikuwa wima!" Profesa alisema. "Siku zote! Nani ameikunja?"

Mpelelezi alimtazama Mwalimu Mkuu, si kwa kumshitaki. "Kuna mwalimu aliyezungushia alama za kunukuu kwa wino mwekundu. Kuna rafiki aliyemtii, akaweka tiki mahali, ili ripoti ya mwenzake isirudishwe tena. Na kuna mwenye ripoti aliyeinakili methali yake kutoka juu bila kuisoma."

"Nani husoma methali yake mwenyewe?" Profesa alisema, kisha akasikia alichoambiwa. "Chiriku aliigusa ripoti yangu?"

"Aliisafisha. Hilo tu ndilo alilolificha. Ulimwapisha."

Profesa alirudisha macho kwenye kile kiluwiluwi.

Mwalimu Mkuu alivuta stuli moja kutoka juu ya meza, akaigeuza, akaikalia. Alionekana mfupi zaidi. "Mama, nimekuelewa. Na nimestaajabu, sifichi. Lakini hili ni dirisha la maonyesho. Mlango wenyewe bado umefungwa. Nimeshawatangazia walimu wote. Kesho mama wa watu akifika, nimwambie nini? Kwamba kuna kiluwiluwi?"

"Una haki," Mpelelezi alisema. "Nimekuonyesha kwamba inawezekana. Sijakuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hilo atalisema Kasha kesho, na litasikiliza mara moja tu. Kwa hiyo lazima tujue sentensi ilivyokuwa juu ya ile ripoti, mpaka alama ya mwisho. Ripoti iko wapi?"

"Ndani ya Kasha," Profesa alisema kwa unyonge.

"Umefunga mlango, ufunguo ukauacha ndani. Ilianza kwa herufi kubwa? Mwishoni ilikuwa na nukta?"

"Yangu ilikuwa ndogo. Na ilikuwa na nukta. Nafikiri. Lakini kama aliigusa..." Alisimama ghafla. "Shangazi, mtu anayejua ni mmoja."

Hakusubiri ruhusa. Viatu vyake vilisikika vikipiga ukumbi, kisha sauti mbili kwa pamoja, moja ikiuliza na nyingine ikijitetea, kisha sauti mbili zikirudi. Chiriku aliingia akiwa ameshikwa mkono kama mtu anayevushwa barabara. Aliona kwenye kioo ile ritifaa kubwa kama mkono wa mtu, akasahau hata kuamkia.

"Yesuu! Hiyo ni nini?"

"Kazi yako," Mwalimu Mkuu alisema. "Na yangu. Chiriku, ile methali ya juu. Uliigusa?"

Chiriku alimtazama Profesa. Profesa alimwashiria kwa kichwa aseme.

"Niliifuta yote, Mwalimu, nikaiandika upya. Kwa herufi kubwa mwanzoni."

"Baada ya kuweka ile tiki au kabla?" aliuliza Mpelelezi.

"Baada. Ndiyo maana niliifuta, ili nayo ijipinde."

"Na mwishoni? Uliweka nukta?"

"Nukta?" Chiriku alikunja uso kama aliyetukanwa. "Kichwa cha habari hakiwekewi nukta, Shangazi. Nani asiyejua? Mwalimu Mkuu alitufundisha hivyo tangu kidato cha kwanza. Nukta niliiona nikaiua."

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu, na mabega yake yakatikisika mara moja. Pengine alikuwa anacheka.

"Nafasi tupu mwishoni?"

"Mimi siachi nafasi tupu, Shangazi. Huyu ndiye anayeacha."

"Ni kweli," Profesa alisema.

Mpelelezi alirudi kwenye kompyuta. Alihakikisha tiki ya Chiriku bado ipo mahali pake, akaigusa kwa ncha ya kishale na kuiacha. Aliwaambia waandike methali kwenye ukurasa mpya, kwa herufi kubwa, bila nukta, bila nafasi, kisha akaikuza na kuikagua herufi kwa herufi, kama alivyokagua kibodi mchana. Kiluwiluwi kilikuwa mahali pake. Alimwonyesha Mwalimu Mkuu na wale wasichana wawili, kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akasema ameona. Kisha akalihamisha dirisha la Kasha mbele.

*Subiri. Jaribu tena kesho asubuhi.*

Walisimama wanne wakiutazama mstari ule. Nyuma yake, mahali fulani ndani ya boksi lile la plastiki lililokuwa linavuma kwa feni, ulikaa unga wa methali moja, ukiwa hauna haraka, haumjui mwalimu wala mwanafunzi, hausikii kiapo wala kilio. Ungesubiri punje yake tu.

"Kasha haliwezi hata kumwonea mtu huruma," Mwalimu Mkuu alisema.

"Wala haliwezi kusingizia mtu," Mpelelezi alijibu.

Kengele ya jioni iligongwa. Mwalimu Mkuu aliinuka, akaipandisha stuli juu ya meza, miguu juu, kama alivyoikuta. Alichukua jalada lake, akalifungua, akatoa kalamu nyekundu. Juu ya *aliliandika* aliingiza herufi moja na kuikoleza.

"Sanduku?" Chiriku aliuliza. Kwa mara nyingine sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sanduku libaki pale lilipo," Mwalimu Mkuu alisema. "Halirudi bwenini, haliendi getini. Mama yako akifika, ataletwa hapa maabarani kwanza. Atakaa hapa nasi, aone. Likifunguka, nitalibeba mimi mwenyewe mpaka bwenini, mbele ya wote. Lisipofunguka..." Hakumaliza. Aliwaaga kwa kichwa, akatoka.

Mpelelezi alizima taa za upande mmoja, akaiacha kompyuta ikiwaka. Mlangoni aligeuka. Wale wawili walikuwa bado mbele ya kioo, bega kwa bega.

"Kesho kaa wewe hapa," Profesa alikuwa anamwambia mwenzake, akimsogezea kiti. "Mimi mkono utatetemeka. Methali umeiandika wewe, umalizie wewe."

Chiriku aliketi kwa tahadhari, kama kwenye kiti cha mtu mkubwa. Aliweka vidole juu ya kibodi bila kubonyeza. Alifikiri kidogo.

"Sawa," alisema. "Lakini niambie sasa hivi, mbele ya Shangazi, tusije tukasingiziana tena. Niandike, au nibandike?"